Si nusu kwa nusu: watoto wa Mara wafundishwe mapema kuhesabu yanayoweza kutokea

Katika vitabu vya jenetiki vinavyosomwa kwenye vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya kuna jedwali dogo la namba sita, na namba hizo zilitoka Musoma, mkoani Mara. Zilichapishwa mwaka 1956 na Anthony Allison, daktari Mwingereza aliyekulia Kenya, ambaye miaka hiyo alizunguka Afrika Mashariki akichunguza ugonjwa wa selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita. Damu ya watoto wachanga 287 na watu wazima 654 ilipimwa, kisha watu wakagawanywa makundi matatu: wasio na jeni ya selimundu, wenye moja, na wenye mbili, yaani wagonjwa wenyewe. Kwa watoto hesabu ilikuwa 189, 89 na 9. Kwa watu wazima ilikuwa 400, 249 na 5.

Namba hizo zimefundisha vizazi vya wanafunzi wa ng'ambo. Hupewa kama zoezi: kokotoa, linganisha, eleza kwa nini watu wazima hawafanani na watoto. Mwanafunzi wa Musoma, wa Mwisenge au Nyasho, ambaye huenda bibi yake alikuwa miongoni mwa waliotolewa damu ile, anaweza kumaliza shule bila kusikia kwamba jedwali hilo lipo.

Muhtasari wa Hisabati wa mwaka 2005, uliotawala madarasa kwa karibu miaka 20, uliweka mada ya uwezekano kidato cha nne, jirani na vekta na matriki. Ni mwaka wa mtihani, mwalimu anakimbizana na kalenda, na mada iliyo karibu na mwisho hupata muda uliobaki. Anayeishia elimu ya msingi hakutani nayo. Anayeifikia huifikia kwa Kiingereza, mara nyingi akiwa ameshakata tamaa na somo lenyewe: kwa miaka mingi watahiniwa wanaofaulu Hisabati kidato cha nne wamekuwa robo hivi, au pungufu ya hapo. Matokeo yake ni kwamba vijana wengi wanafika miaka 18, umri ambao sheria inawaruhusu kubeti, na wanafika umri wa kuoa na kuolewa, bila kuwahi kufundishwa namna ya kupima jambo lisilo na uhakika.

Hilo ni kosa, na linaweza kurekebishwa bila fedha nyingi. Uwezekano haupaswi kuwa mada ya mwisho. Uanze shule ya msingi, kwa Kiswahili, kwa kazi moja rahisi ambayo mtoto yeyote anaiweza: kuorodhesha yote yanayoweza kutokea na kuyahesabu bila kuruka wala kurudia.

Mtu wa Kitaji, Musoma, anayesafiri kwenda Bunda lazima kwanza afike stendi ya Bweri. Atapanda bodaboda, atapanda bajaji au atatembea. Pale stendi atapata basi, kosta au haisi. Mtoto wa darasa la tano ataorodhesha: bodaboda na basi, bodaboda na kosta, bodaboda na haisi, halafu bajaji na basi, mpaka amalize. Atapata njia 9, naye atagundua mwenyewe kwamba 9 ni 3 mara 3. Akiongezewa safari ya kutoka Bunda kwenda Kisorya yenye vyombo viwili vya kuchagua, atasema 18 kabla hajagusa kalamu. Hiyo ndiyo kanuni ya kuzidisha, na sehemu kubwa ya hesabu za uwezekano inakaa juu yake.

Kanuni hiyo hiyo iko mfukoni mwa kila mwenye simu. Namba ya siri ya pesa za simu ina tarakimu nne, na kila nafasi ina chaguo 10, kwa hiyo namba zinazowezekana ni 10,000. Mwizi anayebahatisha mara tatu kabla laini haijafungwa ana nafasi 3 katika 10,000. Lakini watu wengi hupenda kuweka mwaka wao wa kuzaliwa. Kwa mtu mzima mwizi anahitaji kujaribu miaka kama 50 tu, kuanzia 1960 hadi 2009, na hapo majaribio matatu yanampa nafasi 3 katika 50. Ulinzi umepungua mara 200. Na kama pochi iliyoibwa pamoja na simu ina kitambulisho cha taifa, hata 50 ni nyingi, kwa sababu namba ya kitambulisho hicho yenye tarakimu 20 huanza na tarehe ya kuzaliwa ya mwenye nacho. Somo hili la dakika kumi lingewalinda mama lishe na wauza dagaa kuliko mabango mengi ya tahadhari.

Kuhesabu peke yake, hata hivyo, hakutoshi. Lazima vinavyohesabiwa viwe na uzito sawa, na hapa ndipo hata vichwa vikubwa vimejikwaa.

Sarafu ya shilingi 100 ina sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na swala upande wa pili. Irushwe mara mbili. Je, Mwalimu ana nafasi gani ya kuonekana angalau mara moja? Mwaka 1754 Mfaransa Jean le Rond d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne yake, alijibu swali la namna hii katika ensaiklopidia maarufu ya Ufaransa, akakosea. Alisema yanayoweza kutokea ni matatu: upande unaotakiwa utokee mara ya kwanza na mchezo uishe, au utokee mara ya pili, au usitokee kabisa. Mawili kati ya matatu ni ushindi, basi nafasi ni theluthi mbili. Ukiorodhesha kwa uangalifu utaona matokeo ni manne: Mwalimu na Mwalimu, Mwalimu na swala, swala na Mwalimu, swala na swala. Matatu kati ya manne yana Mwalimu. Nafasi ni robo tatu. D'Alembert alikuwa amefunga matokeo mawili katika fungu moja na kulihesabu kama moja.

Wanafunzi wanapaswa kuambiwa habari hii, kwa sababu kosa la d'Alembert linaishi mitaani kwa sura nyingine. Ndilo linalosikika mtu anaposema kuhusu jambo lolote kwamba ama litakuwa ama halitakuwa, kwa hiyo ni nusu kwa nusu. Mtumbwi ama utafika ama utazama, lakini hakuna mvuvi wa Mwigobero anayeamini kwamba nusu ya mitumbwi inazama. Anajua moyoni kwamba matokeo mawili hayana uzito mmoja. Shule ingempa lugha ya kulisema hilo kwa namba.

Uzazi ni mahali pengine ambapo kutojua kuorodhesha kunaumiza watu. Duniani kote wavulana huzaliwa zaidi kidogo kuliko wasichana, takriban 105 kwa kila wasichana 100, kwa hiyo kila mimba inakaribia kuwa nusu kwa nusu ya kweli. Familia ya watoto wanne ina mipangilio 16 inayowezekana, na mmoja kati yake ni wasichana watupu. Katika vijiji vyenye jumla ya familia 160 za watoto wanne, familia kama 10 zitakuwa na wasichana peke yao bila mtu kulogwa na bila mke kuwa na kasoro yoyote. Kinachoamua jinsia, kwa kweli, ni mbegu ya baba. Na mimba ya tano haina kumbukumbu ya nne zilizotangulia. Mwanamume anayeoa mke wa pili kwa kuwa wa kwanza "anazaa wasichana tu" amefanya uamuzi mzito wa maisha juu ya hesabu mbovu, na wanaolipa ni mama na mabinti.

Selimundu unahitaji hesabu hiyo hiyo, ila hapa uzito wake ni wa uhai. Tanzania ni miongoni mwa nchi chache duniani zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Inakadiriwa ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ina mzigo mkubwa. Kila mtu amebeba jeni mbili za aina hii, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Jeni ya kawaida iitwe A, ya selimundu iitwe S. Mwenye A na S haumwi. Mara nyingi hajui hata kama anayo. Wazazi wawili wa namna hiyo wakipata mtoto, matokeo ni manne: A kutoka kwa baba na A kutoka kwa mama, A na S, S na A, S na S. Moja kati ya manne ni mtoto mgonjwa. Anayezifunga A-S na S-A katika fungu moja, kama d'Alembert, atasema theluthi moja, na atakosea.

Kosa kubwa zaidi huja baada ya daktari kusema "mmoja kati ya wanne". Wazazi wengi husikia kama mgawo: tukishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Sivyo. Kila mimba inaanza upya na robo yake. Kwa wazazi hawa, uwezekano wa watoto wanne wote kutokuwa na ugonjwa ni robo tatu ikizidishwa mara nne, yaani 81 katika 256, chini kidogo ya theluthi. Uwezekano wa kupata mgonjwa mmoja tu, kama wanavyodhani ndivyo ilivyoandikwa, ni 108 katika 256. Na uwezekano wa kupata wawili au zaidi ni 67 katika 256, zaidi ya robo. Familia yenye watoto wawili au watatu wagonjwa haikulaaniwa. Iko ndani ya hesabu, na ilistahili kuelezwa hesabu hiyo kabla.

Sasa jedwali la Musoma linasomeka, na hesabu yake inafaa kufanywa polepole.

Watoto 287 wana jeni 574. Wabebaji 89 wana S moja kila mmoja, wagonjwa 9 wana mbili mbili, jumla S 107. Kama jeni hukutana kwa nasibu, uwezekano wa mtoto kupata S pande zote mbili ni 107 gawanya kwa 574, mara hiyo hiyo tena: karibu asilimia 3.5. Kwa watoto 287 hesabu inatabiri wagonjwa 10. Waliopatikana ni 9. Inatabiri wabebaji 87, walikuwa 89. Inatabiri wasio na S 190, walikuwa 189. Mwanafunzi wa Musoma mwenye kikokotoo cha kawaida anaweza kuona namna kanuni ya sarafu ilivyotabiri damu ya watoto wa wilaya yake, kwa tofauti ya mtu mmoja au wawili.

Halafu afanye hivyo hivyo kwa watu wazima. Wana jeni 1,308, na S ni 259. Hesabu ya nasibu inatabiri wagonjwa 26 hivi. Waliopatikana ni 5. Watu 20 hivi waliopaswa kuwepo hawakuwepo. Katika miaka ile bila tiba, watoto wa selimundu walikuwa wakifa kabla ya kukua, na pengo lao limebaki ndani ya namba. Kinachoshangaza zaidi kiko upande wa wabebaji. Hesabu inatabiri 208, lakini walikuwa 249. Kwa nini wenye S moja wazidi? Allison alikuwa ametoa jibu mwaka 1954 katika jarida la madaktari wa Uingereza: S moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Kando ya Ziwa Viktoria, palipojaa mbu, mtoto mbebaji alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuvuka utoto kuliko hata mtoto asiye na S. Ugunduzi huo ni miongoni mwa mifano ya mwanzo iliyoonyesha wazi uteuzi wa asili ukifanya kazi kwa binadamu, na ulisimama juu ya tofauti kati ya kilichotarajiwa kwa nasibu na kilichohesabiwa. Ni vigumu kupata mfano bora wa kufundishia mada hii popote duniani, na huu ni wa nyumbani.

Muhtasari wa Baiolojia wa mwaka huo huo wa 2005 nao uliweka jenetiki kidato cha nne. Yaani mwalimu wa Baiolojia anachora mraba wa jeni chumba kimoja, na mwalimu wa Hisabati anarusha sarafu chumba cha pili, mwaka mmoja, kwa watoto wale wale, na mara nyingi hakuna anayewaambia kwamba ni hesabu moja.

Kama shule imechelewa, mtaa haukuchelewa. Kijana wa Bunda au Kiabakari ambaye hajawahi kusikia neno "uwezekano" darasani anajua mkeka ni nini. Anachagua mechi kumi za wikendi, anaweka shilingi 1,000 au 500, na anasubiri. Kubeti ni halali. Kunasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2003, na kodi yake inaingia serikalini. Suala hapa ni bei: kijana anauziwa kitu ambacho hajafundishwa kukipima.

Apime hivi. Achukulie kwamba ni mjuzi kweli, na kila timu anayoiweka kwenye mkeka inashinda mara 8 kwa kila 10. Ni wachache wanaoweza kufikia hapo. Uwezekano wa zote kumi kushinda ni 0.8 ikizidishwa mara kumi, ambayo ni 0.107. Mikeka tisa kati ya kumi ya mjuzi huyo inachanika. Kwa anayechagua timu zenye nafasi 6 kwa 10, jibu ni 0.006: mikeka 6 katika 1,000.

Kuna maumivu ambayo kila mbetiji anayajua, ya mkeka kuchanwa na timu moja tu. Humfanya aamini kwamba alikuwa karibu, na wiki inayofuata anarudi. Orodha ya matokeo inaeleza kwa nini hilo hutokea mara kwa mara. Kushinda mechi zote kumi kuna njia moja. Kukosa mechi moja kuna njia kumi: inaweza kuwa ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi. Kwa mjuzi wetu wa 8 kwa 10, uwezekano wa kupata tisa sawasawa ni 0.268, mara mbili na nusu ya uwezekano wa kushinda. Kukosa kwa timu moja si dalili ya kukaribia. Ndilo jambo la kawaida kabisa kwa mkeka wa mechi kumi.

Viwango vya malipo navyo vinasomeka. Chukua mechi ya kubuni ambayo kampuni inalipa 2.10 mwenyeji akishinda, 3.10 ikiwa sare na 3.30 mgeni akishinda. Mtu anayetaka kulipwa shilingi 1,000 kwa tokeo lolote lile ataweka 476 kwa mwenyeji, 323 kwa sare na 303 kwa mgeni. Ametoa 1,102 ili apokee 1,000 kwa hakika. Hiyo 102 ni ujira wa kampuni, na umo ndani ya viwango tangu mwanzo. Kwenye mkeka ujira huo hauongezeki kwa kujumlisha, unazidishwa mechi kwa mechi. Viwango vikiwa vya namna hii kwa mechi zote kumi, kila shilingi 1,000 inayowekwa inarudi, kwa wastani wa muda mrefu, kama shilingi 380.

Jakpoti ni kubwa zaidi. Mechi 13 zenye matokeo matatu kila moja zinatoa mipangilio 1,594,323. Mechi 17, kama za jakpoti kubwa inayojulikana Kenya, zinatoa 129,140,163, zaidi ya mara mbili ya Watanzania wote waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022. Anayejaza mpangilio mmoja kila dakika, usiku na mchana, angehitaji zaidi ya miaka 245 kuimaliza. Ni kweli mipangilio hiyo haina uzito sawa, na anayeijua soka ataiacha mingi. Ni kweli pia kwamba mwaka 2017 Mkenya mmoja alipatia mechi zote 17 akashinda zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya. Picha yake ilienea Afrika Mashariki nzima. Mamilioni ya mikeka iliyochanika haina picha, na hapo ndipo akili ya mtu inapodanganywa: inahesabu inachokiona.

Wapo wazazi na walimu watakaosema kwamba kuleta mkeka darasani ni kuwafundisha watoto kamari. Hofu yao inaeleweka, lakini historia haiko upande wao. Hisabati hii ilizaliwa mwaka 1654 katika barua za Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliokuwa wakijibu namna ya kugawana fedha za mchezo wa bahati uliokatizwa kabla ya kwisha. Tangu siku hiyo imetumika kwenye bima, tiba, hali ya hewa na ujenzi. Mtoto wa Nyasho tayari anajua mkeka, ameusikia kwa kaka yake. Asichokijua ni bei yake, na bei ndiyo shule iwezayo kumpa.

Hali ya hewa inastahili nafasi pia. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa vuli na masika kwa Ukanda wa Ziwa Viktoria, Mara ikiwemo, kwa lugha ya "wastani", "juu ya wastani" na "chini ya wastani". Kituo cha hali ya hewa cha kanda kilichoko Nairobi huchora ramani zake kwa asilimia za makundi hayo matatu. Ramani ikionyesha nafasi 45 katika 100 za mvua kuzidi wastani, bado zimebaki 55 za kutozidi. Mkulima wa Butiama asiyejua hivyo hulima kana kwamba ameahidiwa, na mvua isiponyesha husema mamlaka imedanganya. Anayejua hugawa shamba: mahindi sehemu, mihogo sehemu.

Uwezo wa kufikiri hivi si mgeni Mara. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuanza shule Mwisenge mwaka 1934, alipenda bao maisha yake yote, na simulizi moja maarufu inasema ni mtemi rafiki wa baba yake aliyeiona akili ya kijana huyo kwenye bao akashauri apelekwe shule. Bao halina dadu. Lina mashimo 32 na kete 64, na idadi ya njia za kuzigawa kete hizo ni namba yenye tarakimu zaidi ya 20. Mchezaji hodari hutazama mbele: nikila hapa atafanya nini, akifanya hivi nitabaki na nini. Huko ni kuorodhesha yanayoweza kutokea. Mtoto anayeweza kuona hatua nne mbele kwenye bao hawezi kuambiwa kwamba kichwa chake hakiwezi hisabati. Ameambiwa hivyo kwa sababu hisabati ilimjia kwa sura asiyoitambua.

Kuna upungufu wa walimu wa Hisabati, na hakuna makala itakayouziba. Lakini kazi inayopendekezwa hapa inahitaji chaki na sarafu. Darasa la wanafunzi 50, kila mmoja akirusha shilingi 100 mara 20, litakuwa na mirusho 1,000 ndani ya nusu saa. Mwalimu aandike ubaoni kabla hawajaanza kwamba Mwalimu Nyerere ataonekana kati ya mara 469 na 531. Utabiri huo utatimia kama mara 95 kati ya 100, na watoto watataka kujua aliupataje. Darasa la tano na la sita wafanye orodha na michoro ya matawi kwa Kiswahili. Kidato cha pili wafanye namba za siri na safari. Kidato cha nne wapewe jedwali la Musoma, namba zote sita, na waachwe wapambane nalo kabla ya kuambiwa jibu.

Hakuna sehemu ya pendekezo hili inayosubiri mtaala mpya wala kibali kutoka Dodoma. Walimu wakuu na wakuu wa shule wa Musoma, Bunda na Butiama wanaweza kulifanya kwa ratiba waliyonayo. Mwalimu wa Hisabati na mwalimu wa Baiolojia wa kidato cha nne wakae pamoja sasa, wachague wiki moja ya kufundisha uwezekano na jenetiki kama somo moja, na mkuu wa shule aiandike wiki hiyo kwenye ratiba ya Januari, si ya Oktoba.